Kamera ya mtaa imemwona mtoto wa rafiki yangu, na siku zinakwisha

Shangazi, salaam.

Mimi ni mjane wa miaka 43, nina watoto watatu na duka la jumla hapa Busia, upande wa Uganda. Nauza sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, chumvi. Naomba jina langu lisitokee na mtaa wetu usitajwe, kwa sababu hapa watu wanajuana mpaka rangi za ndoo.

Mwaka jana wizi wa pikipiki ulituzidi. Mpaka huu unaujua. Pikipiki ikiibwa saa nane za usiku, kukipambazuka imeshapita njia za panya, iko Kenya, imevuliwa namba. Redioni tulikuwa tunasikia habari za kamera za Kampala na zile namba mpya za kidijitali za magari, tukaulizana: sisi huku tutafikiwa lini? Mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano wa LC, baraza la mtaa wetu, nikasema tusingoje. Nilisema, nakumbuka maneno yangu, "Kamera hailali na haisemi uongo." Watu walipiga makofi. Tukachanga, kila nyumba shilingi elfu ishirini, tukanunua kamera nne na mashine ya kurekodi. Duka langu lina mlango wa chuma, kwa hiyo mashine ikawekwa kwangu chini ya kaunta, nyuma ya magunia ya chumvi. Neno la siri tunalijua watu wawili, mimi na fundi. Fundi anakaa Tororo.

Siku tisa zilizopita mwendesha boda wa steji yetu alivamiwa saa saba usiku akirudi kwake. Walimpiga kwa chuma, taya likavunjika, pikipiki wakaichukua. Pikipiki yenyewe bado anailipia mkopo kila wiki. Sasa amelazwa, anakula uji kwa mrija.

Asubuhi ile, kabla hata sijawasha mashine, msichana anayenisaidia dukani aliniambia kuwa mtoto wa Mama K alionekana anarudi nyumbani usiku wa manane. Sikumtilia maanani. Nilipofunga duka mchana nikaangalia peke yangu. Kamera ya pili imeshika sekunde kama arobaini. Picha ni nyeusi na nyeupe. Watu wawili wanampiga, wa tatu amesimama kwenye kona, anatazama huku na huku. Huyo wa tatu ndiye niliyemjua kabla hajageuka. Anavuta mguu wa kushoto kidogo, tangu alipoanguka mwembeni akiwa mdogo, na jaketi lile lenye mikono myeupe nilimwona nalo Krismasi. Ana miaka 17. Ananiita mama mdogo.

Shangazi, mama yake ni zaidi ya dada kwangu. Mume wangu alifariki wakati wa lokidauni ya 2021. Watu waliogopa hata kusimama mlangoni kwangu. Yeye aliingia, akachota maji, akaosha vyombo vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba, akalala na sisi siku nne.

Nilipoulizwa nikadanganya. Nilisema kamera ya pili haikushika vizuri usiku ule. Askari mmoja alikuja, nikamwambia tumsubiri fundi, hajarudi. Lakini kikundi chetu cha WhatsApp hakilali. "Mama, tuma video, tulichanga wote." Mmoja ameandika, "Safari hii hatusumbui polisi." Ninajua maana yake. Miaka miwili iliyopita walimchoma kijana kwa tairi karibu na soko. Kiatu chake kimoja kilibaki barabarani siku mbili, hakuna aliyekigusa.

Juzi mke wa mwendesha boda alikuja dukani, mtoto mgongoni, akanunua sabuni kipande. Akaniuliza polepole, "Mama, kamera iliona?" Nikahesabu chenji mara mbili ili nisimtazame.

Sasa watu wameanza kumnyooshea kidole kijana anayekaanga rolex, chapati ya kukunjwa na mayai, pale kwenye kona, si mtu wa hapa, ametoka upande wa Mbale, eti tangu siku ile anafunga mapema. Lakini hayo ni maneno ya watu tu.

Fundi aliwahi kuniambia mashine inahifadhi siku kumi na nne, halafu inaanza kurekodi juu ya picha za zamani. Zimebaki siku tano. Usiku nawaza, nikinyamaza siku tano tu, jambo litakuwa limejimaliza lenyewe. Kukicha naona aibu. Nifanye nini?

Mwenye Funguo, Busia

---

Mwanangu Mwenye Funguo,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona Mama K akiosha vyombo vyako. Mara ya pili nilimwona yule mwanamke na kipande chake cha sabuni. Mara ya tatu nilikwama kwenye mistari ambayo wewe umeipita mbio, ile ya kijana wa rolex. Nitairudia, kwa sababu naona kama ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kwanza pole. Watu wawili uliowapenda na kuwahurumia wamewekwa kwenye sekunde arobaini, na wewe ndiye mwenye neno la siri. Wala usijione mjinga kwa kuipigania ile kamera. Nchi nzima imepita njia hiyohiyo. Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi, alipouawa Machi 2017, Rais aliagiza kamera barabarani, ukaja mradi wa dola milioni 126 na chumba cha kuzitazamia pale Naguru, makao makuu ya polisi. Tukapumua. Kisha Agosti 2019 binti mmoja na dereva wake wakatekwa langoni kwao Lungujja, Kampala. Kamera ziliona gari likipita. Waliotakiwa kuinuka kwenye viti vyao hawakuinuka kwa wakati, miili ikaokotwa Mukono. Na mwaka 2025, faini za mwendo kasi zinazotolewa na mashine zilipoanza Juni, makelele yalikuwa makubwa hata serikali ikazisimamisha mwezi uleule. Sikumbuki mtu aliyegombana na kioo cha kamera. Ugomvi ulikuwa juu ya aliyekaa nyuma yake: ameona nini, amefanya nini, nani anamwangalia yeye. Naguru ya mtaa wenu iko nyuma ya magunia ya chumvi, na aliyekaa kwenye kiti ni wewe.

Sasa niruhusu nikuulize jambo utakaloona la ajabu. Una hakika ni yeye?

Unasema picha ni nyeusi na nyeupe. Maana yake kamera ilikuwa imewasha taa zake za usiku, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Mwanga huo huchezea nguo. Kitambaa cheusi cha nailoni au poliesta kinaweza kutoka cheupe kabisa kwenye picha, na nguo mbili zenye rangi tofauti mchana zikafanana usiku. Kwa hiyo ile mikono myeupe uliyoiona inaweza kuwa ya jaketi la Krismasi, na inaweza kuwa mikono ya buluu au myeusi ya jaketi la mtu mwingine. Chukua jaketi lako jeusi, litundike mbele ya kamera hiyohiyo usiku, uone linatokaje. Fanya hivyo kabla hujaliamini jicho lako.

Mguu je? Mguu ni mgumu zaidi, nakubali. Mtu uliyemlea unamjua kwa mwendo hata gizani. Lakini tazama mpangilio wa mambo ulivyoniandikia wewe mwenyewe: msichana wa dukani alikutajia jina asubuhi, wewe ukaangalia picha mchana. Unasema hukumtilia maanani. Pengine sikio lilitilia. Akili ikishapewa jina hulitafutia mtu. Mahakama zetu zinalijua hili. Tangu kesi ya Abdalla Nabulere, mwishoni mwa miaka ya 1970, hakimu hupima mwanga ulikuwaje, umbali gani, shahidi alimwona mtu kwa muda gani, na alikuwa anamfahamu kabla au la. Kwako hilo la mwisho liko, na lina nguvu. Mengine yanayumba. Sisemi si yeye. Nasema unachokijua kwa hakika ni kwamba *umemtambua*. Kama *alikuwepo*, hilo wewe peke yako huwezi kulikata.

Njia ya kwanza wanayokusukumia ni kikundi cha WhatsApp. "Tulichanga wote." Ni kweli mlichanga, na mashine ni ya wote. Lakini mchango wa elfu ishirini ulinunua ulinzi, na sidhani kama kuna nyumba iliyosema inanunua haki ya kumhukumu mtoto wa jirani kwa simu. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kumpa mpelelezi picha ya uhalifu ni jambo moja, kuimwaga kwa watu mia moja ni jingine. Sheria hata hivyo si hofu yangu kubwa. Hofu yangu ni kile kiatu. Enzi za Kayihura, aliyekuwa mkuu wa polisi, tuliletewa ulinzi wa jirani ulioitwa Mayumba Kumi (Kiswahili chake kilinichekesha, nia yake sikuicheka), na wazo lilikuwa jirani amjue jirani ili mwizi apelekwe panapostahili. Klipu ikishatoka kwenye simu yako hairudi. Ukishaona moshi hutakuwa na la kufuta.

Njia ya pili ni siku tano za kunyamaza. Naielewa, na sitakudharau kwa kuiwaza. Inavutia kwa sababu haihitaji mkono wako, mashine itafuta yenyewe. Lakini askari alishakuja akakuuliza, na sheria yetu ya jinai inamhesabia kosa anayeharibu kwa makusudi kitu anachojua kinaweza kutakiwa kama ushahidi. Kama kuacha kijifute ni sawa na kuharibu, mawakili watabishana. Sipendi ubishi huo ufanyike juu ya kichwa chako.

Na hapa ndipo anaingia kijana wa rolex. Umeandika "maneno ya watu tu." Mwanangu, yule aliyechomwa karibu na soko naye alianza kama maneno ya watu tu. Kijana huyu hana mama pale mtaani aliyemwoshea mtu vyombo. Hana anayemwita mama mdogo. Anafunga mapema, na labda anafunga mapema kwa sababu ameona wanavyomtazama. Wewe umeziona zile sekunde arobaini. Je, yumo? Kama hayumo, basi picha ambayo umekuwa ukiiogopa kama kitanzi cha mtoto mmoja ndiyo shahidi pekee wa mtoto mwingine, na huyo shahidi amebakiza siku tano za kuishi. Mpaka sasa umeipima video kwa swali la nani itamwumiza. Jaribu pia kuipima kwa swali la nani itamponya.

Njia ya tatu, ambayo hukuitaja lakini nadhani umeiwaza kila ukimwona: kumwambia Mama K kwanza. Moyo wangu unaipenda. Ina miiba. Kenya iko hatua chache kutoka mlango wake, na mama akiogopa anaweza kumvusha mwanawe usiku huohuo. Hapo kijana anakuwa mkimbizi, na wewe unakuwa uliyemtorosha. Wale wawili wengine nao wako mahali fulani. Wakisikia kuna picha, mtu wa kwanza watakayemtaka anyamaze ni huyo aliyesimama kwenye kona, halafu wewe. Kwa upande mwingine, mama akisikia kutoka kwako, akiwa ametulia, anaweza kumshika mwanawe mkono na kumpeleka mwenyewe, pamoja na wakili. Kijana aliyepelekwa na mama yake na kijana aliyekamatwa hawapokelewi kwa jicho moja. Wewe unamjua, mimi namjua kwa vyombo tu. Ni mtu wa kukaa chini akafikiri, au ni mtu wa kufunga virago?

Nataka pia ujue kinachomngoja kama ni yeye kweli, kwa sababu nadhani usiku unawaza kamba. Kusimama kulinda njia si jambo dogo mbele ya sheria. Waliokubaliana kutenda uovu huhesabiwa pamoja, hata asiyeinua mkono. Unyang'anyi wa kutumia silaha kwa mtu mzima unaweza kufika hukumu ya kifo. Lakini yeye ana miaka 17. Mtoto hahukumiwi kifo Uganda, na chini ya Sheria ya Watoto hata kosa zito namna hiyo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Hatakiwi kuwekwa seli moja na watu wazima, mzazi wake lazima ajulishwe, na mtoto hatakiwi kushikiliwa kituoni zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani. Najua yaliyoandikwa na yanayotendeka vituoni wakati mwingine hayaonani. Ndiyo maana nasema wakili. FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia wanawake na watoto, na mwanamke mwenye duka ana haki ya kuwauliza kabla hajasema neno lolote kwa mtu yeyote.

Njia ya nne ni polisi. Nayo sitakupambia. Picha hupotea vituoni, au hutoka kituoni ikaingia kwenye simu za watu kabla ya jioni. Muswada wa kulinda mashahidi tumeusikia miaka na miaka. Ukiamua kwenda huko, nenda na mtu, ikiwezekana wakili au mwenyekiti wako wa LC kama unamwamini (hukusema kama unamwamini, nimeliona hilo). Mkabidhi mpelelezi wa kesi nakala kwenye flashi, usiitume kwa simu, uandikiwe karatasi yenye tarehe na sahihi kwamba umeikabidhi. Wala hulazimiki kutaja jina. Unaweza kukabidhi kilichorekodiwa ukasema mashine imeona hiki, na jina likatafutwa na wanaolipwa kulitafuta. Ila wakikuuliza moja kwa moja kama unamfahamu, utakuwa umerudi palepale ulipokuwa na yule mwanamke wa sabuni. Lifikirie jibu lako kabla hujatoka nyumbani.

Ule uwongo wa kamera ya pili usikufunge. Mtu anaweza kusema, "Nimeiangalia tena, kuna kitu, kitakwenda kwa wapelelezi na hakitaingia kikundini." Watanuna. Wengine watadai elfu ishirini zao. Warudishie kama unazo, ni fedha ndogo kuliko usingizi.

Kuhusu Mama K, sina dawa. Kuna uwezekano ukampoteza hata ukitenda kwa upole wote wa dunia. Kuna uwezekano pia kwamba tayari anajua. Mama anayeishi na mtoto wa miaka 17 anajua aliingia saa ngapi. Huenda na yeye halali, na anakuogopa wewe kama unavyomwogopa, kwa sababu anajua mashine iko kwa nani. Amekuja dukani tangu siku ile? Hukusema.

Uamuzi ni wako, na hauhitaji kuufanya leo. Lakini kuna kazi moja ya leo ambayo haiamui chochote. Ukishafunga duka, toa zile sekunde kwenye mashine, na dakika kumi kabla na baada yake, uweke kwenye flashi mbili. Moja ikae kwako, moja mahali ambapo mtoto wala msichana wa dukani hafiki. Usikate, usiongeze, usibadilishe jina la faili. Halafu tazama saa iliyoandikwa pembeni ya picha, uilinganishe na simu yako. Mashine hizi saa zake hupotea umeme ukikatika, na saa iliyopishana imeshaharibu kesi nyingi. Kama zimepishana, andika kwenye karatasi zimepishana dakika ngapi, na tarehe uliyoangalia. Mahakama ikija kuuliza picha ilitunzwaje, karatasi hiyo itakusemea. Ukishafanya hivyo, zile siku tano hazikukimbizi tena.

Halafu niandikie. Niambie jaketi lako jeusi limetoka rangi gani. Na yule kijana wa rolex, niambie kama kesho asubuhi amewasha jiko lake.

Shangazi